Matusi ya Kijinsia Badala ya Hoja: Kutoka Uhuru Park hadi Sagamoyo

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, matusi yameshughulikiwa zaidi kama suala la mtindo. Mhakiki huyataja anapofikia kipengele cha matumizi ya lugha, akayaita kejeli au tashtiti, akatoa mifano miwili mitatu, kisha akaendelea na takriri na tanakali za sauti. Makala haya yanashikilia kwamba mkabala huo hautoshi pale tusi linapokuwa la kijinsia na linapotupwa katika uwanja wa siasa. Tusi la aina hiyo hutenda kazi ya kimantiki kabla ya kuwa pambo la lugha. Linabadilisha kiima cha mjadala. Palipokuwa na swali kuhusu ardhi, kodi au deni la taifa, huwekwa swali kuhusu mwanamke aliyeuliza: ameolewa na nani, ameachwa na nani, nani kamruhusu kusema. Aliyetusi huwa hajapinga hoja. Ameiondoa mezani tu, na hadhira ikaondoka ikidhani imepingwa.

Mfano ulio bayana zaidi katika historia ya karibuni ya Kenya ni ule wa mwaka wa 1989. Serikali ilikuwa imepanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Jumba hilo lilihusishwa na gazeti la chama tawala, na mbele yake ingesimamishwa sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Wangari Maathai, mwasisi wa harakati ya Green Belt tangu mwaka wa 1977, aliandika barua kwa afisi kadhaa akiupinga mradi huo. Hoja zake zilikuwa za kawaida kabisa, na hata mtu asiyekubaliana naye angeweza kuzipima. Alisema kuwa bustani ile ni mali ya umma na ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mkazi wa Nairobi asiye na kitu anaweza kupumzika bila malipo. Kwamba nchi yenye madeni haifai kukopa mamilioni ya dola kwa ajili ya fahari. Na kwamba miji mingine haijengi majumba katikati ya bustani zake kuu. Alitaja Hyde Park ya London na Central Park ya New York. Mtu aliyetaka kumjibu angeweza kusema kwamba mradi ungeleta ajira, kwamba sehemu ya bustani ingesalia, kwamba deni lingelipika. Majibu ya namna hiyo yalikuwepo.

Yaliyosikika Bungeni mwezi wa Novemba mwaka huo yalikuwa ya aina nyingine. Wabunge walisitisha shughuli nyingine ili wamzungumzie, na katika mazungumzo hayo harakati yake ikaitwa kundi la wanawake waliopewa talaka. Baadaye, Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1989, Rais mwenyewe alisema kwamba wanaoupinga mradi wana wadudu kichwani, na kwamba Maathai, kama mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila, alipaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama Kuu nayo ilikuwa imekwisha kuitupilia mbali kesi yake siku iliyotangulia kwa sababu kwamba hakuwa na haki ya kuileta. Ingawa lugha ya mahakama ni ya adabu na ya Bunge haikuwa, inafaa kuzisoma pamoja. Zote mbili zilikataa kuliangalia jumba, zikamwangalia aliyelitaja.

Neno la talaka linastahili kusomwa polepole. Maathai alikuwa ametalikiana na mumewe miaka kumi kabla ya hapo, mwaka wa 1979, katika kesi iliyotangazwa sana magazetini. Kwa hiyo tusi lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu zake. Tusi la kijinsia mara nyingi si uongo; ni ukweli usiohusika. Anayetukanwa hawezi kukana, na akinyamaza huonekana amekiri, ijapokuwa hakuna aliyeonyesha uhusiano wowote kati ya cheti cha ndoa na ghorofa 60.

Katika suala hili Kiswahili kina mashiko yake maalumu. Ni lugha isiyo na jinsia ya kisarufi: kiambishi a- hakisemi kama anayetenda ni wa kike au wa kiume, na kiwakilishi yeye hakibagui. Anayetaka kudunisha kwa kutumia jinsia hana budi kutafuta mlango mwingine, na mlango ulio wazi zaidi ni kauli za vitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mwanamume huacha; mwanamke huachwa. Katika usemi wa kila siku husikika hata kwamba mwanamke ameachika, na kauli hiyo inasumbua zaidi kuliko ile ya kutendwa, kwa sababu haimtaji mtenda kabisa. Kikombe kimevunjika, uzi umekatika, mwanamke ameachika. Kosa limo ndani ya kitu chenyewe. Wabunge wengi wa Kenya wa mwaka wa 1989, hata walipozungumza Kiingereza, waliishi na kufikiri pia katika lugha zinazoipanga ndoa kwa namna hii, na wasikilizaji wao vivyo hivyo. Kumwita mpinzani mwanamke aliyeachika ni kusema kwamba amekwisha kuamuliwa na mtu mwingine, mahali pengine. Kwamba hukumu juu yake ilitolewa nyumbani na Bunge halina haja ya kuirudia.

Kauli hiyohiyo ya kutendwa ndiyo hutumiwa dhidi ya wanaume. Tangu siasa za vyama vingi zirudi mwaka wa 1991, mwanasiasa wa Kenya anayejiunga na chama cha mwenzake husemwa kuwa ameolewa. Hakuna anayesema kuwa ameoa, isipokuwa kiongozi wa chama kilichompokea. Msemo huu huchekesha, na pengine ndiyo sababu haujachunguzwa sana. Hata hivyo, angalia unachokifanya: makubaliano kati ya vyama viwili, ambayo mpiga kura angestahili kuelezwa masharti yake (nani atapata wizara zipi, sera ipi imeachwa, deni la kampeni litalipwa na nani), hugeuzwa kuwa swali la nani dume na nani jike. Mwanamume anayetukanwa hivyo hutumia nguvu zake zote kuonyesha kuwa yeye ndiye aliyeoa. Masharti ya makubaliano husahaulika. Katika mzaha huo mwanamke halisi hayumo, lakini ndiye kipimo cha aibu.

Nalo tusi la kutotahiriwa, ambalo katika siasa za Kenya limeelekezwa kwa muda mrefu kwa viongozi Waluo, lina mantiki hiyohiyo: mtu asiyepita jandoni ni mtoto, na mtoto hana kauli mbele ya wazee. Sera zake hazihitaji kusomwa. Wahakiki wanaodhani kwamba haya ni maneno tu wanapaswa kusoma ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka wa 2008 kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Humo mmeandikwa visa vya wanaume waliotahiriwa kwa nguvu, na wengine waliokatwa viungo vyao. Tusi lilikuwa limekuwa kisu. Mwezi wa Januari 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walipokuwa wakiamua kama mashtaka yangeendelea, walikataa kuviita vitendo hivyo ukatili wa kingono, wakaviweka katika fungu la vitendo vingine vya kinyama. Wanasheria watabishana kuhusu uamuzi huo. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba kitendo kilichokuwa na historia ndefu ya kimaneno jukwaani kilipofika mahakamani kilikuwa kimepotewa na jina lake.

Je, mwanamke akilitumia tusi hili mwenyewe, linabadilika? Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Wazee walipokuwa karibu kuwatawanya watu baada ya ahadi za serikali, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua vazi lake na kuwataka wanaume wachukue nguo yake, wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Simulizi hii hutajwa kwa fahari, na inastahili. Lakini uhakiki makini haupaswi kupita juu ya ukweli kwamba Nyanjiru alitumia sarafu ileile: aliwaaibisha wanaume kwa kuwaita wanawake. Tofauti ni mahali tusi lilipoelekea. Tusi la wabunge mwaka wa 1989 lilitupwa ili mtu anyamaze. La Nyanjiru lilitupwa kwa watu waliokuwa wameamua kunyamaza, na kudai kwake, yaani kuachiliwa kwa mfungwa, kulibaki palepale, kukiwa wazi zaidi kuliko mwanzo. Hilo halilitakasi tusi. Linaonyesha tu kwamba kipimo cha haki cha matusi ni kuuliza kama baada yake hoja bado inaonekana.

Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa katika mgomo wa kula hapo hapo Uhuru Park, na ambao baadhi yao walivua nguo polisi walipowashambulia tarehe 3 Machi 1992, hawamo katika fungu hili, ingawa mara nyingi huwekwa humo. Kitendo chao hakikuwa tusi. Kilikuwa laana, na laana ina sarufi yake: hutegemea kwamba anayelaaniwa anamtambua mlaani kuwa mama.

Tukio la Uhuru Park na tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea (2015) hazijasomwa pamoja vya kutosha, ingawa zinafanana hata katika kiini cha mzozo: eneo la umma, mtawala anayelifunga, na mwanamke anayeuliza kwa nini. Katika jimbo la Sagamoyo, Majoka amelifunga soko la Chapakazi. Tunu anaongoza upinzani. Hoja yake ni nyepesi na haina majibu: watu wanalipa kodi, taka hazizolewi, na kosa hilo la serikali ndilo linalofanywa kisingizio cha kuwafukuza wachuuzi sokoni. Hakuna mahali katika tamthilia nzima ambapo Majoka anaijibu hoja ya kodi. Badala yake anazungumza kuhusu ndoa. Ngao Junior, mwanawe aliye ng'ambo, atakaporudi atamwoa Tunu. Posa hiyo husomwa na wengi kama hongo, na ni hongo kweli. Lakini pia ni tusi, na ni tusi lililokamilika kuliko yote katika tamthilia, kwa sababu limevaa heshima. Linamwambia Tunu kwamba upinzani wake ni upungufu wa mume. Akiolewa, atapona.

Kule Mangweni, kwa Mamapima, mambo husemwa bila kanzu. Tunu na Sudi wanakwenda huko kuwaalika walevi kwenye mkutano, na walevi, Ngurumo akiwa kinara wao, wanamkejeli Tunu na kumdunisha kwa kuwa ni mwanamke. Mwandishi amefanya jambo la busara hapa ambalo halijapewa uzito unaostahili. Watu hawa ni wahanga wa Majoka. Soko lililofungwa ni lao. Hata hivyo lugha inayotoka vinywani mwao ni lugha ya afisi ya Majoka, ikiwa imevuliwa adabu. Mtawala hana haja ya kuwatuma. Taasubi ya kiume imewapa maskini kitu kimoja cha kumiliki, yaani haki ya kumdharau mwanamke aliyesoma, na wanakishika kwa mikono miwili huku soko likiondoka. Ndivyo hali ilivyokuwa pia kwa Lanina katika *Kilio cha Haki* ya Alamin Mazrui (1981): kiongozi wa wafanyakazi katika shamba la mlowezi anashambuliwa na mwajiri, na wakati uo huo na wanaume wa tabaka lake wasiovumilia kuongozwa na mwanamke. Mazrui aliliona jambo hili miaka minane kabla ya kadhia ya Uhuru Park. Kwa upande wake, Assumpta Matei katika *Chozi la Heri* analipeleka hadi kwenye uchaguzi: ushindi wa Mwekevu unakataliwa kwa sababu ya jinsia yake, na nchi inaingia katika fujo. Riwaya hiyo, hata hivyo, inalitaja suala hili na kuliacha upesi, ikizama katika masaibu ya wakimbizi. Mwekevu anajulikana zaidi kwa aliyofanyiwa kuliko kwa aliyoyasema.

Tukio lenye ustadi zaidi katika *Kigogo* ni lile la afisini. Ashua anakwenda kwa Majoka akiwa na shida ya kweli, kwani soko limefungwa na watoto hawana chakula. Majoka anamtaka kimapenzi. Husda, mkewe Majoka, anaingia, anamwona Ashua, na papo hapo kunazuka ugomvi wa wanawake wawili juu ya mwanamume. Ashua anafungwa kwa kuleta vurugu katika afisi ya serikali. Tazama jinsi malalamiko ya njaa yalivyopotea. Yalipoingia mlangoni yalikuwa suala la uchumi wa jimbo. Dakika chache baadaye yamekuwa wivu, na hatimaye yakawa kosa la jinai. Matusi ya Husda ni ya dhati, naye anaamini anautetea unyumba wake. Majoka hakuhitaji kutamka tusi hata moja. Alihitaji tu chumba ambamo mwanamke yeyote anayekuja na swali ataonekana amekuja na mwili.

Sehemu kubwa ya uhakiki umeyaona haya na kuyalaani, na hakuna haja ya kuyarudia. Lililobaki bila kuguswa ni sifa tunazowapa wahusika hawa. Soma tahakiki na miongozo iliyoandikwa kuhusu Tunu au Lanina. Mhusika ni jasiri, tena ana ujasiri wa kiume. Amejikaza kiume. Ni jikedume, neno ambalo siku hizi hutumiwa hata kwa kusifu. Kiambishi ki- katika kiume na kike hakina hatia peke yake, lakini Kiswahili kimeviweka viwili hivyo kwenye mizani isiyo sawa tangu kale. Hata mwili umegawanywa, mkono wa kuume ukiwa ule wa kulia na mkono wa kike ukiwa wa kushoto. Kusema kwamba mwanamke amejenga hoja kiume ni kukubaliana na wabunge wa mwaka wa 1989 kwamba hoja ni mali ya wanaume, kisha kumtafutia kibali mmoja aliyeipata. Na jikedume ni neno la kutisha ukilipasua: ni jina la mnyama juu ya mnyama. Anayesifiwa hivyo ametolewa katika ngeli ya watu ili apongezwe.

Kuna kasoro nyingine iliyo karibu na hiyo. Wahakiki wanaotaka kumtetea mhusika wa kike hutumia kurasa nyingi kuonyesha kwamba yeye ni mwanamke mwema: anamheshimu mamake, hana tamaa ya wanaume, hakuvunja ndoa ya mtu. Utetezi huo unalifuata tusi hadi uwanja wake na kucheza kwa kanuni zake. Kama Tunu angekuwa ameachwa mara tatu, taka za Chapakazi zingekuwa zimezolewa? Maathai alikuwa ametalikiwa kweli, na hesabu ya deni ilikuwa sahihi vilevile. Utetezi unaotegemea usafi wa msemaji unamwacha bila kinga mwanamke yeyote asiye na maisha ya kupigiwa mfano, na hao ndio wengi, kama walivyo wanaume.

Mwisho wa mradi wa Uhuru Park una somo la kihakiki ambalo halijatajwa. Jumba halikujengwa. Wafadhili wa nje walilalamikia gharama na mikopo, mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa, na mwaka wa 1992 ua uliozungushiwa eneo hilo ukaondolewa. Yaani hoja ya deni ilishinda. Ilikuwa hoja ileile iliyomo katika barua za mwaka wa 1989, lakini safari hii ilitoka kwa watu wa benki, na hakuna mbunge aliyesimama kuuliza kama watu wa benki walikuwa wameoa. Mtu anaweza kuziweka kauli hizo mbili ubavu kwa ubavu darasani, barua na tamko la wafadhili, akawaomba wanafunzi waseme tofauti iko wapi.

Zoezi kama hilo linawezekana pia kwa *Kigogo*. Tamthilia hiyo ilitahiniwa katika shule za upili kwa miaka kadhaa, na maelfu ya wanafunzi wanaweza hadi leo kuorodhesha sifa za Tunu bila kusita: ni jasiri, ni mwanaharakati, ni msomi, ni mwenye msimamo. Ukiwauliza Tunu alisema nini kuhusu kodi ya soko, wengi watalazimika kukifungua kitabu upya.